Kopo la Vifungo

Tarehe 9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na miguu imeacha kuvimba baada ya kukaa kwenye basi siku nzima. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe tu.

Siku ile ulipoondoka Kifungo alilia mpaka saa nne asubuhi. Nilimbeba, nikamshusha, nikambeba tena. Nilipoishiwa ujanja nikamletea kopo lako la vifungo, nikamweleza kama ulivyonielekeza: humu Mama ameacha vifungo tisini, kila asubuhi tunatoa kimoja tunakitia kwenye chupa ya jemu, na kopo likiisha Mama anaingia kwa mlango ule. Akanyamaza. Akaniuliza, "Likiisha saa ngapi?" Nikamwambia asubuhi. Akasema sawa, akajifuta kamasi kwa sketi yangu.

Sasa kila asubuhi, kabla hajanawa uso, anafunua kopo na kuchagua. Anachagua kwa kufikiri sana, kama mtu anayebonyezabonyeza nyanya sokoni.

Saa mbili nampeleka chekechea, saa sita namchukua. Nilidhani katikati hapo nitapata muda wa kusoma, lakini saa nne za chekechea si saa nne za kweli. Nafua, nadeki, nachota maji bombani, natazama saa, imefika saa sita kasorobo. Mchana nafunga mlango kwa komeo kwa sababu ya barabara, tunabaki sisi wawili na kile kidirisha chako kinachotazama ukuta wa jirani. Nimeanza kuujua ule ukuta. Una ufa wenye umbo la bata.

Usifikiri nalalamika. Nimemaliza shule, sina kazi, na vyuo havifunguliwi mpaka mwisho wa Septemba. Miezi mitatu ni kidogo.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa chooni, maana ndiko peke yake msimamizi wa kiwanda hawezi kunifuata. Mimi mzima, mgongo ndio unaojifanya bibi.

Usijaribu kunipigia simu. Simu tunakabidhi langoni tukiingia, na bweni liko ndani ya lango hilohilo. Wanasema picha za mitindo yao zisitoke nje. Mitindo gani? Mimi nashona mifuko. Mifuko ya kushoto, Kimya! Wa kulia yuko meza ya pili. Tangu nifike sijashona shati zima. Fundi mzima niliyewahi kushona gauni la bibi harusi kwa siku moja, leo nikiona shati limekamilika nashangaa kama mtoto.

Mwambie Kifungo nampenda kuliko cherehani. Mbusu tumboni, pale anapochekacheka. Na wewe ujitahidi kuongea na watu, utaota ukungu humo ndani. Yule muuza duka mpya, aliyefungua wiki niliyosafiri, hang'ati.

Nakushukuru kuliko ninavyojua kuandika. Mama yetu angekuwepo ningemwachia yeye, na baba wa mtoto unamjua mwenyewe, ni mtu asiye na anwani. Nina wewe tu.

Dada yako


Tarehe 11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe tu.

Nimeongea na muuza duka, kwa hiyo usiseme sijitahidi. Ilikuwa hivi. Nilikwenda kununua sabuni, Kifungo akiwa mgongoni. Akasema, "Karibu, Mama Kifungo." Nikataka kumwambia mimi si mama yake, mimi ni mama mdogo, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wawili. Nikasema, "Sabuni." Yeye akacheka, "Na hicho kifungo ni cha miaka mingapi?" Wote wakacheka. Mimi sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani na kuanza kufua. Alikuwa anauliza nimefungwa miaka mingapi. Nikacheka peke yangu juu ya beseni, halafu nikaacha.

Mwalimu wa chekechea naye ni hivyohivyo. Aliuliza kwa nini mtoto anaitwa Kifungo, nikamweleza kwamba alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati na jina likamganda. Alipofika kwenye mstari wa "mzazi" akaandika jina langu kabla sijafungua mdomo. Sasa kwenye kikao cha wazazi nakaa kwenye kile kibenchi kifupi, magoti yamefika kidevuni, kati ya akina mama wanaoongea habari za waume.

Kifungo ana mambo. Juzi aliniuliza, "Mama mdogo, ukikua utakuwa mama mkubwa?" Nikamwambia hapana, mama mkubwa ni dada wa mama aliyemzidi umri, na mimi nimezaliwa baada ya mama yako, kwa hiyo nitabaki mdogo mpaka nizeeke. Akanisikitikia. Akanipa nusu ya mkate wake ili nikue.

Nimempangia vile vitabu vyake saba kwenye boksi la viatu, nimevibandika namba. Akitaka kimoja anakuja "kuazima", natia alama kwenye daftari, na siku ya pili lazima arudishe. Mwenye maktaba nina huruma, mteja ndiye mkali. Jana alinikaripia kwa sababu nilikaa na kitabu cha tembo siku mbili.

Kopo limepungua hadi nusu. Analitikisa asikilize.

Mdogo wako


Tarehe 26 Juni

Kimya wangu,

Marahaba, na nimecheka mpaka jirani yangu wa mashine akaniuliza kama nimepokea posa. Mimi mzima.

Sasa kaa chini. Msimamizi ametuita wanane, amesema tunaotaka tusaini miezi mitatu mingine, hadi tarehe 30 Oktoba, na baada ya hapo anayebaki anahamishiwa meza ya wakata vitambaa. Unajua maana yake? Mkata vitambaa anaona nguo nzima. Nimesaini, Kimya. Niliwaza kukuuliza kwanza lakini karatasi ilikuwa mezani na kalamu ilikuwa moja, watu wako mstarini. Nikasema moyoni, mdogo wangu ataelewa, kwanza kila barua anasema hawajambo.

Kuhusu kopo, usimwambie neno. Atalia bure. Akiwa chekechea wewe chukua vifungo kwenye chupa, virudishe kwenye kopo kidogokidogo. Hajui kuhesabu kupita kumi na mbili, atajuaje?

Nitakufidia. Nikirudi wewe utalala siku tatu mfululizo, mimi nitakuletea chai kitandani.

Dada yako


Tarehe 8 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Hongera kwa meza ya wakata vitambaa. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe tu.

Nimefanya ulivyosema. Kila siku akienda chekechea narudisha vitatu. Si kazi ngumu. Kelele ya kifungo kikiangukia kopo ni ndogo sana, lakini huwa nafunga dirisha, sijui namwogopa nani. Labda yule bata wa ukutani.

Kifungo ameng'oka jino? Hapana, bado, ila anadai linacheza na analitingisha mbele ya kila mtu. Anaweza kuvaa viatu mwenyewe, ila cha kulia anakivaa kushoto, na ukimrekebisha anasema miguu ndiyo imekosea.

Jambo jingine dogo tu. Nimepata nafasi chuo cha ukutubi, nikasomee kazi ya maktaba. Waliochukuliwa ni ishirini na wanne. Tunatakiwa kuripoti tarehe 29 Septemba, asiyefika nafasi yake inapewa mwingine. Nimeitia ile barua ndani ya kitabu cha tembo isije ikapotea. Si kitu cha haraka.

Mdogo wako


Tarehe 22 Julai

Kimya wangu,

Marahaba. Nimeruka! Chuo! Nililiambia bweni zima kwamba mdogo wangu atakuwa mtu wa vitabu. Na ndiyo kazi yako hasa, umezaliwa kuwaambia watu wanyamaze bila kutoa sauti.

Sasa nisikilize kama dada. Chuo hakina miguu, kitakuwepo hata mwakani. Mimi nikivunja mkataba sasa lango likishafungwa limefungwa, sitarudi tena, na meza ya wakata vitambaa nitaisikia kwenye hadithi. Waandikie kwa adabu, waombe wakuwekee nafasi mwaka ujao. Wewe huna makuu, ndiyo maana nakutegemea. Ungekuwa kama mimi tungekwisha kugombana zamani.

Niambie jino limefikia wapi.

Dada yako


Tarehe 5 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Jino bado. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe tu.

Niliwaandikia chuo kama ulivyosema. Wamenijibu kwa mistari miwili. Nafasi haiwekwi.

Kuna jambo nataka kukueleza kuhusu vifungo. Ni kweli hajui kuhesabu kupita kumi na mbili. Lakini dada, anavijua kwa sura. Jumatatu alitoa kile chekundu chenye tundu moja lililopasuka. Alikigeuzageuza, akasema, "Huyu alishatoka." Nikamwambia labda ni pacha wake. Akaniambia, "Hapana. Huyu ni yuleyule. Ana kidonda." Akakirudisha koponi, akatoa kingine. Hicho nacho akakitazama sana. Kisha akakitia kwenye chupa, akaenda kunawa uso mwenyewe bila kuambiwa. Hajawahi kunawa bila kuambiwa.

Siku hizi hatikisi tena kopo.

Na ameacha kusema "mdogo". Nilipomuuliza mbona ananiita Mama tu, akasema mimi nimeshakua. Alinipima mlangoni kwa mkaa kama unavyompima yeye, na kweli kichwa changu kilifika juu kabisa. Nimemrekebisha mara nyingi. Kisha nikachoka kumrekebisha. Naona vibaya kukuandikia hili, lakini nimeona vibaya zaidi kulificha.

Jana alipita msichana niliyesoma naye. Alisimama dirishani dakika chache, amenyoosha nywele, amenunua begi la chuo. Aliniuliza mimi naenda lini. Nikamwambia nasubiri. Alipoondoka niliendelea kusimama pale pale na mwiko mkononi mpaka chungu kikaungua.

Mdogo wako


Tarehe 30 Agosti

Kimya wangu,

Mimi mzima, ninyi je? Barua yako ya mwisho ilinikalia vibaya nikachelewa kujibu, naomba unisamehe. Nilijaribu kumweleza msimamizi. Aliniuliza mtoto anaumwa? Nikasema haumwi. Ana mtu wa kumlea? Nikasema anaye, mzuri kuliko mimi. Akasema basi shida iko wapi, akarudi kuhesabu mifuko.

Kuhusu hilo neno Mama, mwache aseme. Mdomo wa mtoto haufungwi kwa zipu. Nikirudi atakumbuka.

Niandikie.

Dada yako


Tarehe 9 Septemba

Kimya,

Mwezi mzima sijaona mwandiko wako. Jina nilikupa mimi kwa utani, sikukutuma ulifuate. Mtoto anaumwa? Wewe unaumwa? Nyumba imeungua? Andika hata mstari mmoja. Andika tu "hatujambo" kama kawaida yako, mimi nitalala.

Dada yako


Tarehe 14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi kwa sababu sikuweza kuandika sentensi ya kwanza. Mara saba nimeandika "sisi huku hatujambo" na mara saba nimekata. Shuleni tulifundishwa kwamba barua haianzi mpaka umesema hujambo, na mimi nilishika hivyo, nikawa natia hatujambo kama mtu anavyotia chumvi, bila kuonja.

Mimi nimejambo. Sijui kama Kiswahili kinaruhusu, lakini ndivyo nilivyo.

Nitakueleza kilichotokea. Jumatano Kifungo alikwenda chekechea na begi lake, nami sikulikagua. Saa tano mwalimu akanipigia hodi, kashika mfuko wa plastiki. "Mama Kifungo," akasema, "mwanao ameligeuza darasa langu kuwa duka la cherehani." Alikuwa amebeba kopo na chupa, vyote viwili, akagawa vifungo vyote. Kila mtoto alipata vitatu, na mwalimu akapata kile cha dhahabu cha koti. Mtoto mmoja alitia cha kwake puani, wakakitoa kwa kumpigisha chafya. Mwalimu amekusanya vyote isipokuwa vinne. Alicheka huku anagomba. Mimi sikuweza kucheka.

Nilipomrudisha nyumbani hakula. Alivaa lile gauni la njano ulilomshonea, ambalo sasa linambana kwapani, akavaa viatu, cha kulia kushoto, akaketi kizingitini akiwa amepakata kopo tupu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Limeisha. Mama anakuja."

Nikamwambia aingie ndani, jua kali. Akasema, "Si wewe ulisema likiisha?" Nikasema ndiyo, nilisema. "Basi tulia," akaniambia, kama anavyoniambia nikichelewesha kitabu.

Alikaa pale mpaka jua likahama upande wa pili wa ukuta. Kila mtu akipita anasimama. Muuza duka alipita, akamtania, "Unamsubiri nani, mrembo?" Akamjibu, "Mama." Muuza duka akanitazama mimi niliyesimama nyuma yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Nikakaa chini, kizingitini, karibu naye. Nikamwambia ukweli. Nilisema, "Kifungo, vifungo havikwisha wakati wake kwa sababu nilikuwa navirudisha. Ukienda shule mimi navitoa kwenye chupa navirudisha kwenye kopo." Halafu akaniuliza, si kwa hasira, alikuwa anataka tu kuelewa: "Kwa hiyo Mama huwa anakuja, wewe unamrudisha?"

Dada, nilikosa pa kuficha uso. Kwa hesabu yake ndivyo ilivyo. Wewe ulikuwa njiani kila siku, na kila siku mimi nilikusukuma nyuma kwa vifungo vitatu.

Nikamwambia sitarudia. Na wewe nakuambia sitarudia. Nilifanya kwa sababu uliniomba, na mimi nikiombwa huwa siwezi kusema hapana, nasema "si kitu cha haraka". Kilikuwa kitu cha haraka. Nakitaka kile chuo. Nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nimekaa ndani ya chumba hiki miezi minne na nusu, nimepangilia vitabu saba kwa urefu, kwa rangi, kwa herufi, mpaka vimeniishia. Nampenda mwanao mpaka naogopa. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kuondoka sasa, kabla sijafika mahali ambapo nitakuchukia ukirudi.

Ndani ya bahasha hii kuna vifungo. Sikuandikii ni vingapi, maana ukiona namba kwenye karatasi utaibishia. Hesabu mwenyewe. Barua huchukua siku nne, nimeshazitoa kwenye hesabu. Kesho yake anza kutoa kimoja kila asubuhi. Siku ya cha mwisho nataka uwe mlangoni. Usipokuwa mlangoni, mimi na Kifungo tutapanda basi, tutakuja kukaa nje ya lango lenu, yeye atapakata kopo, nami nitaongea na msimamizi. Mimi. Nitaongea.

Nitamwachia Kifungo avitie vifungo kwenye bahasha na alambe gundi mwenyewe, ni kazi anayoipenda.

Mdogo wako


Tarehe 5 Oktoba

Kimya wangu,

Marahaba nyingi, hata kama hujanipa shikamoo bado. Natumaini kitanda cha chuo hakina kunguni na wenzako wa chumbani wanajua kunyamaza. Huku, sikufichi: nimejambo kidogo. Nimeazima neno lako.

Kwanza tuiombe posta radhi. Unakumbuka nilivyofika asubuhi ile ya tarehe 19, nywele timutimu, nakupigia kelele "niko mlangoni, niko mlangoni", nawe umeduwaa na ufagio, unaniuliza mbona mapema? Nikakuonyesha bahasha: kifungo kimoja tu, kile chekundu chenye kidonda. Ukaapa ulitenga tisa. Tukawalaani watu wa posta siku tisa nzima. Basi jana mvua imenyesha, nimemtolea Kifungo buti zake za mvua, mguu haukuingia. Nikapindua buti. Vikaanguka vinane.

Nikamuuliza, "Hivi vimefikaje humu?" Akasema, "Nilivitoa." Kwa nini? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Ili uje upesi."

Nilikaa chini palepale na buti mkononi. Nilipofungua ile bahasha kule bweni na kukuta kimoja, nilidhani chuo kimerudisha tarehe nyuma, au kuna jambo baya umeshindwa kuandika. Sikurudi mezani. Niliacha mfuko wa kushoto umeshonwa nusu. Msimamizi alinifuata mpaka langoni akasema, "Ukitoka, umetoka." Nikatoka. Vingekuwa tisa, Kimya, nakwambia kweli, ningekaa siku nane nikijishauri, na ya tisa ningekuandikia barua tamu ya kuomba mwezi mmoja tu. Najijua. Mtoto anayeishia kumi na mbili alinipigia hesabu vizuri kuliko wote.

Cherehani yangu ya zamani nimeitia mafuta. Jana nimeshona shati zima, na mikono yote miwili. Nilikaribia kulia.

Lakini hiki chumba, mdogo wangu! Ulikaaje? Nafua, nadeki, natazama saa. Nimemwona bata wako. Muuza duka aliniuliza, "Na wewe ni nani kwake?" Mimi! Nikamwambia mimi ndiye Mama Kifungo, akasema Mama Kifungo namjua, ni yule binti mpole. Na mwanangu mwenyewe ananiita mama mkubwa. Anasema wewe ndiye Mama, na mimi nimekuzidi umri, kwa hiyo ni hivyo, ulimfundisha mwenyewe. Leo asubuhi, akiwa bado na usingizi, aliniita Mama. Kisha akafumbua macho vizuri, akajirekebisha. Nilijifanya sikusikia yote mawili.

Sasa hivi amekusanya vifungo vyote, amevirudisha koponi, na chupa ya jemu ameiosha. Ananiuliza ni vingapi mpaka urudi. Nilitaka kumwambia vichache tu ili asilie, mdomo ukawa mzito. Niambie wewe. Niambie kweli.

Dada yako


Tarehe 12 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Leo nimeonja kabla ya kuandika: mimi sijambo. Nina usingizi, nawakumbuka, na jana niliuliza swali darasani, sauti ikatoka nyembamba lakini ikatoka. Wanatuita kwa majina yetu kamili hapa. Siku ya kwanza sikuitika, nikadhani anaitwa mtu mwingine.

Mwambie Kifungo kitabu cha tembo ninacho mimi, nilikichukua bila kutia alama, anitie alama yeye. Na mwambie mama mkubwa ni neno zuri, ila si la kwako, dada, wewe ndiye Mama. Taratibu. Usimharakishe.

Barua hii itafika tarehe 16. Kesho yake aanze kutoa. Likizo nafika tarehe 19 Desemba.

Ni sitini na nne. Nimehesabu mara mbili. Vya ziada vishone kwenye mashati ya watu, humo koponi viache sitini na nne tu.

Usirudishe hata kimoja.

Mama mdogo